Miholi Miwili ya Mama Gerishon

Lori lilikuwa limeshaipita Timboroa, na baridi imepenya turubai, blanketi na shuka aliyojifunga, ndipo Fatuma alipoacha kumwuliza mumewe, Mahamud, kama wamekaribia. Mahamud alikuwa usukani, akibishana na utingo wake juu ya breki. Nyuma, juu ya magunia ya chumvi, walikuwa wamefungwa mbuzi wachache: hao ndio waliosalia katika zizi zima baada ya ukame wa mwaka ule wa themanini na nne. Ismail, mtoto wao, alilala mapajani mwa mama yake akikoroma kama mzee.

Fatuma hakuwa amewahi kuona nchi iliyojaa kijani hivyo bila mtu kuiombea. Kwao Wajir kijani ni habari. Mtu hutoka mbio kuja kukuambia imeonekana mahali fulani. Huku ilikuwa imemwagwa tu kando ya barabara, kwenye mitaro, hata juu ya mapaa, na hakuna aliyekuwa akiitazama. Alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya tajiri akiwa na vumbi miguuni.

Walifika Eldoret jua likiwa kichwani. Lori likaukata mji na kwenda kusimama Pioneer, mbele ya ua wenye nyumba ya mbao na chumba kingine cha kupangisha nyuma yake. Langoni, kila upande, ulisimama mti mfupi uliojaa majani mazito, yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kila jani lilikuwa na miiba ukingoni. Mti wa kulia ulikuwa na matunda madogo mekundu, mengi kama shanga. Wa kushoto ulikuwa na majani tu.

Mama mmoja mfupi, mwenye kitambaa kichwani na gamboti za mwanamume, akatoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono.

"Mahamud, umeniletea mpangaji ama umeniletea soko?"

"Mama Gerishon, hawa ni wageni. Wape hata sebule."

"Mbuzi kwa sebule yangu? Thubutu!" Halafu akamgeukia Fatuma, akamchukua mtoto mikononi kabla hajaombwa. "Karibu, mama. Huyu ni nani?"

"Ismail."

"Basi karibu, Mama Ismail. Ingia, utakufa na baridi."

Hivyo ndivyo Fatuma alivyokutana na Warigia, mjane wa Ndungu, ambaye pale mtaani kila mtu alimwita Mama Gerishon kwa jina la mwanawe wa pekee, fundi wa magari huko Ol Kalou.

Ukitaka kumjua mtu aliyehama, tazama jambo la kwanza analolifanya kabla ya kupumzika. Wako wanaotafuta maji, wako wanaotafuta jamaa. Kwa akina Fatuma, wanawake wakifika kituo kipya hukata miiba. Kabla ya moto, kabla ya chai, zizi lazima lifungwe, kwa maana fisi hangoji mtu amalize kufungua mizigo. Kwa hiyo kesho yake asubuhi, Mahamud akiwa amekwisha ondoka na lori kuelekea Webuye, Fatuma alizunguka ua mzima akitafuta mwiba. Akakuta sukuma wiki, viazi, maua ya waridi yasiyotosha kuzuia hata kuku, na ile miti miwili ya langoni.

Akaenda kumwuliza mwenye nyumba. Kiswahili chake kilikuwa kidogo wakati huo, cha dukani na cha barabarani, naye akakisaidia kwa mikono.

"Mama, mimi nataka miba. Ya mbuzi. Fisi."

Warigia alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Alicheka mpaka ungo ukayumba. "Fisi Pioneer? Hapa hakuna fisi, mama. Kuna wezi."

"Miba haichagui," alisema Fatuma.

Jibu hilo lilimpendeza Warigia. Akanyanyuka, wakaenda pamoja hadi langoni. Fatuma hakuutazama mara mbili mti wenye matunda. Mama yake alimfundisha kwamba mti ulio na tunda haukatwi, hata kama ni tunda la ndege. Akanyoosha kidole kushoto.

"Hii?" Warigia akauchungulia ule mti kana kwamba ndiyo kwanza auone. "Hii kata. Tangu ipandwe haijanipa hata tunda moja. Inakula mbolea ya bure kama shemeji asiye na kazi."

Fatuma akachukua panga. Mti ulikuwa mgumu, mweupe ndani kama mfupa, na ulimchanja mikono yote miwili. Kufikia adhuhuri mbuzi walikuwa ndani ya boma la miiba ambalo hata chui angelifikiria upya. Warigia akaja kulitazama, akasifu kazi, akasema sasa sukuma wiki yake ya langoni itapata jua. Siku hiyo ndiyo walipokunywa chai pamoja kwa mara ya kwanza.

Habari za miti ile zilimfikia Fatuma kidogo kidogo, jioni za kumenya viazi. Ndungu alikuwa mtunza bustani katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Turbo. Mzungu alipofunga mizigo yake kurudi kwao baada ya Uhuru, wafanyakazi wengine walibaki na viti, mapipa, hata milango. Ndungu alirudi kwa mkewe na miche miwili ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia.

"Nilimwambia, wewe Ndungu, wenzako wamebeba ng'ombe, wewe umebeba miba!" Warigia alisimulia. "Akaniambia inaitwa holi. Nikamwuliza, inaliwa? Hailiwi. Ni dawa? Si dawa. Sasa ni ya nini? Akasema, ya kuangalia."

Mtu wa Nyeri aliyezaliwa na njaa ya ardhi haoni kwa urahisi sababu ya kupanda kitu cha kuangalia. Warigia aliudhika na miholi ile kwa miaka mingi. Aliiita miti ya uvivu. Ndungu akawa anaitunza peke yake: akafundisha kila mtu kutolima karibu na mashina, kwa sababu mizizi yake inapita juu juu na haipendi jembe, akaifunika chini kwa majani makavu, na Januari, jua likikausha kila kitu, akaipa maji waliyooshea vyombo. Hakuipa samadi mbichi. Majani ya chai yaliyokwisha pikwa aliyakusanya kwenye sufuria kuukuu na kuyamwaga kwenye shina, na Warigia akawa anamwambia mbele ya wageni kwamba mti wa Mzungu lazima unywe chai saa kumi.

Krismasi ndiyo ilikuwa siku ya Ndungu. Alikata matawi yenye matunda mekundu, akapeleka mengine kanisani, akaning'iniza moja juu ya mlango. Alipokufa, akazikwa pale pale uani, karibu na ua wa nyuma, na Krismasi ya kwanza ya ujane Warigia alijikuta amesimama langoni na kisu mkononi. Akakata tawi, akaliweka juu ya kaburi. Tangu siku hiyo akauchukua utunzaji wote, chai na yote, kwa namna ya mtu anayelipa deni ambalo mdai wake hakuwahi kulidai.

Kwa hiyo mwaka uliofuata kuwasili kwa Fatuma, mholi uliobaki ulipotoa maua madogo meupe baada ya mvua ndefu, Warigia aliyatazama kila asubuhi. Maua yakakauka. Yakaanguka. Hakukuwa na kitu nyuma yake. Desemba ikaja, mti ukawa wa kijani kitupu, na kaburi la Ndungu likakaa bila tawi.

Warigia alitafuta sababu kama anavyotafuta mtu aliyepoteza ufunguo, kwanza mahali penye akili, halafu mahali popote. Ni ukame wa mwaka jana. Ni mkojo wa mbuzi. Ni moshi wa lori la Mahamud. Mwaka wa pili maua yalipoanguka tena, alimtazama Fatuma aliyekuwa akifua, akasema nusu kwa mzaha:

"Mama Ismail, kwani wewe una jicho? Tangu uje hii mti imekataa."

Fatuma hakucheka. Alikuwa na Kiswahili cha kutosha sasa cha kuelewa, lakini si cha kutosha kujibu. Akakamua nguo, akazianika, akaingia ndani. Kwa muda wanawake hao wawili walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta.

Aliyeleta jibu ni Selpha Kavetsa, ambaye hakujua kama analeta kitu. Selpha alikuwa mwenyeji wa Kakamega, na alipita mitaani na kikapu kichwani akiuza ndizi na mapapai. Siku hiyo alitua kikapu langoni apumzike, akawakuta Warigia akipekua matawi na Fatuma akichota maji bila kuongea.

"Mama Gerishon, umepoteza nini kwa mti?"

"Matunda. Ilikuwa inazaa, sasa inatoa maua tu, yanaanguka."

Selpha akachungulia. "Na bwana yake iko wapi?"

"Bwana ya nani?"

"Ya mti! Si hii ni kama papai? Papai ya kike haizai peke yake, lazima iko na dume karibu. Dume inatoa maua tu, haizai kitu, lakini ukikata hiyo, umeua nyumba yote. Kwetu hata mtoto anajua." Akacheka, akijipepea na leso. "Nyinyi watu wa baridi mko na shida. Hamjui papai!"

Hakuna aliyecheka naye. Nyeri ya Warigia, kule juu kwenye ukungu, papai ni kitu cha sokoni. Wajir ya Fatuma haikumfundisha papai pia. Mwanamke yeyote wa Kakamega au wa Pwani angeuliza kwanza kabla ya kushika panga. Ilibidi wakutane hawa wawili, mmoja kutoka kwenye baridi na mwingine kutoka kwenye jua, ili mti ule ukatwe kwa heshima zote, wa matunda ukihurumiwa na wa maua ukihukumiwa.

Warigia alikaa chini, pale pale kwenye majani makavu.

"Alisema," akanena. "Ndungu alisema. Hizi mbili zisitenganishwe. Nilidhani ni urembo wa lango. Nilimwambia, wewe na lango lako, kwani wewe ni DC?"

"Ni mimi nilikata," alisema Fatuma.

"Ni mimi nilikuambia ukate."

"Lakini mkono ni yangu. Mama, mimi..."

"Wacha." Warigia aliinua kiganja. "Usiniombe kitu. Ukiniomba msamaha, na mimi nitaomba nani?"

Neno la msamaha likabaki kwa Fatuma kama mzigo ambao mwenyewe amekataa kuupokea.

Walitafuta mholi mwingine. Mahamud aliwapakia wote wawili kwenye lori hadi lile shamba la Turbo. Barabara yote Warigia alieleza jinsi ua wa miholi ulivyozunguka nyumba ya Mzungu, mrefu kuliko mtu, na ndege waliokuwa wakilala humo. Walipofika, mahindi yalikuwa yamefika mpaka ukutani. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala. Kijana mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi barazani, Kiprono, aliwasikiliza kwa adabu, kisha akawaambia ua ule uling'olewa kwa trekta kabla yeye hajazaliwa, baba yake alimsimulia.

"Ilikuwa na miba, mama. Ilichukua nafasi ya mahindi."

"Ndiyo," alisema Warigia. "Hata mimi ningeng'oa."

Kilichobaki kilikuwa kisiki. Hawakuwa wamekifikiria, kwa sababu miaka hiyo yote Fatuma alikuwa akikitumia kama meza: aliweka karai lake hapo, na kila kilipochipua aliyakwanyua machipukizi yasimrarue nguo. Yaliyomponyoka, mbuzi waliyamaliza. Siku waliporudi kutoka Turbo, Fatuma alipiga magoti akakikagua, akakuta ubavuni chipukizi jekundu-jekundu, refu kama kidole. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye boma la mbuzi, akavuta miiba mikavu ya mti ule ule, akaifunga kuzunguka kisiki, mbuzi wasifike. Jioni Warigia alipopita na sufuria yake kuukuu, alimwaga nusu ya majani ya chai kulia, nusu kushoto.

Hivyo wakalea. Mti wa aina ile hauna haraka na mtu. Mwaka mmoja ulirefuka shubiri, mwaka mwingine ukakaa tu, ukifikiri. Ismail alianza shule, akawa anamsahihisha mama yake Kiswahili kwa maneno ambayo mwalimu mwenyewe angeyakataa. Mbuzi waliuzwa, isipokuwa mmoja. Warigia alipunguza kwenda kanisani kwa ajili ya magoti, macho yake yakaanza kuingia utando, na sikio moja likawa zito. Kila Krismasi alikwenda kaburini mikono mitupu, akasimama, akarudi. Kisha akanywa chai kwa Fatuma, na hawakuzungumza habari hiyo. Wakati wa Idi, yeye ndiye aliyetangulia kufika, akikosoa wali.

Mara moja tu Warigia alizungumza zaidi. Walikuwa wameketi juani, nyuma ya nyumba.

"Unajua kinachoniuma? Si matunda. Miaka hiyo yote tukilala kitanda kimoja, sikumwuliza hata siku moja kwa nini anapenda hiyo mti. Nilimwuliza inaliwa. Mtu anakuletea kitu, unauliza inaliwa."

Fatuma alitaka kusema kwamba si kosa. Lakini alijua ni kosa, dogo, lililokaa muda mrefu. Akamwongezea chai.

Mvua ndefu za mwaka wa tisini na moja, mholi wa kushoto, ambao sasa ulimfika Fatuma kifuani, ulitoa maua. Hayakuwa mengi, yalikuwa upande wa barabarani tu. Fatuma aliyaona kwanza, akamwita Warigia kwa sauti iliyowatoa majirani nje wakidhani ni nyoka. Nyuki walikuja. Wanawake wawili wazima wakasimama langoni wakiangalia nyuki kama watu wanaoangalia mpira. Na mwezi wa sita, kwenye mholi wa kulia, nyuma ya maua yaliyokauka, vikabaki vitone vya kijani, vigumu, vidogo kuliko punje ya mtama.

"Hesabu," aliagiza Warigia, ambaye hakuweza kuviona.

"Ni kidogo, mama. Tawi mbili, tatu hivi."

"Tawi moja inatosha. Ndungu hakuwa na tamaa."

Walikuwa wakingoja Desemba. Lakini Novemba zikaja habari kutoka milimani, upande wa Tinderet: nyumba zimechomwa, watu wamekimbia na watoto mgongoni, kisa ardhi na kabila. Pale Pioneer hakuna aliyeguswa. Watu waliendelea kununua unga na kusalimiana, ila sasa baada ya salamu palikuwa na kimya kifupi ambacho hakikuwepo zamani. Gerishon hakungoja. Alifika na pikapu ya kuazima, mwanamume mnene mwenye grisi kwenye kucha, akaanza kubeba vitanda.

"Mama, twende. Kukitulia nitakurudisha."

"Ningoje Krismasi, Gerishon. Ni wiki chache tu."

"Kungoja nini? Matunda ya ndege?" Alipoona uso wa mama yake akapunguza sauti. "Mama, kule milimani pia kuna watu walikuwa wanangoja kitu."

Warigia hakubishana tena. Alikwenda kaburini, akakaa huko muda. Kisha akaja langoni, akamshika Fatuma mkono.

"Nionyeshe."

Fatuma akaupeleka mkono wa yule mama kwenye tawi, polepole, akiikwepa miiba. Warigia akapapasa mpaka akayapata. Yalikuwa ya kijani bado, yameanza tu kuiva upande mmoja. Akachuma moja, akalipasua kwa ukucha, akaonja mbegu kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Imeshika kweli. Iko na mbegu."

"Nikukatie tawi uende nayo?"

"Hapana. Haijaiva. Tumekata vya kutosha sisi wawili." Akaliachia tawi. "Ikiwa nyekundu, utamwekea? Juu ya kaburi. Kwenu mnaweka nini?"

"Mawe tu, mama. Na dua."

"Basi weka tawi, na dua yako pia. Mungu atachagua mwenyewe."

Fatuma alicheka, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko. Akaona kwamba ni sasa, kwamba neno lake alilolibeba tangu siku ya Selpha lazima lisemwe sasa, hata kama litakataliwa. "Mama Gerishon," alianza, "ile siku ya kwanza..."

Gerishon akapiga honi. Warigia, aliyekuwa amegeuza sikio zuri upande wa gari, hakusikia. "Majani ya chai usisahau," alisema. "Na jembe usilete karibu. Ismail umwambie." Akasaidiwa kupanda, sufuria yake kuukuu mapajani, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda ibadani. Mlango wa pikapu ukafungwa kwa kamba kwa sababu kufuli lake lilikuwa bovu.

Pikapu ikatoka langoni katikati ya miholi miwili, ikashuka polepole kwa ajili ya mashimo, viti vikigongana nyuma. Selpha, aliyekuwa akipita na kikapu chake, akasimama kando ya Fatuma.

"Anaenda wapi na vitanda?"

"Kwa Gerishon. Ol Kalou."

"Ol Kalou pande gani?"

Fatuma alifungua mdomo kujibu. Gari lilikuwa limefika kwenye lami na kukata kona kuelekea Nakuru, na hapo ndipo alipotambua kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza Mama Gerishon.